Pima Maji Kwanza

Likizo ya Juni i karibu, na mazungumzo ya jioni bwenini yamekwisha kuwa ya nyumbani. Mmoja asema habari za ng'ombe wa babaye, mwingine habari za arusi ya dadaye, na wengi wetu, hasa wavulana, twasema habari za maji: lambo la kijijini, jabali lililo kando ya bwawa, shimo walimochimba moramu wa barabara ambalo sasa limejaa maji ya mvua. Kila mtu ana jabali lake la kuchupia, na ukiwasikiliza wenyewe, kila jabali ni refu kuliko la mwenzake. Nimeona yafaa niandike maneno machache kabla hatujafunga masanduku yetu, kwani katika nchi hii ya kati mchezo wa kuchupa majini una hatari moja isiyosemwa sana, na hatari hiyo huzidi katika miezi hii hii tunayokwenda nyumbani.

Sikubaliani na wale wasemao kwamba mchezo huu ni upuuzi mtupu na kwamba kijana mwenye akili hawezi kuupenda. Mtu aliyekaa darasani miezi mitano katika vumbi la Dodoma, akayaona maji mengi mbele yake na jabali zuri juu yake, moyo wake humwambia aruke. Hilo si kosa. Wala sikubaliani na wenzangu wasemao kwamba kuruka bila kuuliza ndiko uanaume, na kwamba anayetafuta kamba ya kupimia ni mwoga. Pande zote mbili zabishana juu ya moyo wa mtu. Mimi nataka tuseme juu ya maji.

Neno langu ni hili: maji ya nchi yetu hayakai. Kina cha Machi si kina cha Agosti, na kina cha mwaka jana si kina cha mwaka huu. Kwa hiyo mtu akuambiaye, "Ruka tu, hapa twaruka siku zote," hajakupa habari yo yote ya leo. Amekupa habari ya siku nyingine.

Fikirini jinsi mvua zetu zilivyo. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba. Katika miezi hiyo bwawa halipati maji mapya, lakini jua na upepo hawalali. Katika nchi kavu kama yetu, maji yaliyo wazi huweza kupungua karibu mita 2 kwa mwaka kwa kukaushwa na jua na upepo tu, kabla hatujahesabu ng'ombe wanaokunywa, ndoo za mama zetu na bustani za mboga. Lambo lililokuwa na kina cha mita 3 wakati wa Pasaka laweza kumfikia mtu kiunoni wakati wa mavuno. Na kwa kuwa hupungua kidogo kidogo, upana wa vidole viwili kwa juma, mtu apitaye hapo kila siku haoni badiliko lo lote.

Tena hatari haiko juu tu, iko na chini. Mvua za kwetu hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi, juu ya ardhi iliyobaki tupu baada ya kiangazi kirefu. Maji hushuka makorongoni yakiwa mekundu kwa udongo, na udongo huo hutua penye maji yaliyotulia, yaani mabwawani na malamboni. Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1972 wataalamu, miongoni mwao Anders Rapp wa Sweden, walichapisha uchunguzi wao juu ya mabonde manne ya karibu na Dodoma, nayo ni Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakaonyesha jinsi mabwawa ya huko yalivyokuwa yakijaa mchanga na matope upesi. Mwaka uliofuata, yaani 1973, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kwa jina la HADO, ili kuokoa ardhi iliyokuwa ikichukuliwa na maji, hasa upande wa Kondoa. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, nalo limepoteza sehemu ya nafasi yake kwa udongo ulioingia. Basi aliyeruka mahali fulani alipokuwa kijana, akatoka salama, asema kweli; lakini chini ya maji aliyorukia yeye pana sakafu nyingine leo, nayo imepanda.

Wako wanaouliza, "Mbona vijana wa pwani huruka kila siku wala hawapimi kwa kamba?" Swali hili ni zuri, na jibu lake lafundisha. Huko Unguja, mbele ya bustani ya Forodhani, vijana hukusanyika jioni wakachupa baharini kutoka ukutani kwa mbinu za kila namna, na watu husimama kuwatazama. Mchezo wao huitwa makachu. Mtu wa bara akiwaona atadhani hawajali kitu. Lakini bahari ya huko hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na katika siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Mtoto wa Forodhani amekua akijua kwamba ukuta ule ule ulio mzuri jioni hii, saa sita baadaye una mawe na mchanga chini yake. Kwa hiyo hungoja maji yajae. Hana haja ya kuambiwa kwamba maji hubadilika, kwani bahari humwambia kila siku. Sisi lambo hutuambia mara moja kwa mwaka, tena polepole. Ndiyo sababu yatupasa kupima zaidi yao.

Chukueni mfano wa Mtera, ambalo wengi wetu hulipita tukienda au kutoka Iringa. Bwawa lile la Mto Ruaha Mkuu lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji ya kuzalisha umeme. Likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kilichowekwa kwa kazi ya umeme ni mita 690. Tofauti yake ni mita 8 na nusu. Jabali linalosimama mita 2 juu ya maji wakati bwawa limejaa, litakuwa mita 10 na nusu juu ya maji wakati yameshuka, na pale palipokuwa na kina penye ukingo patakuwa mawe makavu. Jabali ni lile lile, na picha aliyonayo mtu kichwani ni ile ile, lakini kuruka kwenyewe si kule tena. Naongeza kwamba Mtera si mahali pa kuchupa hata bwawa likijaa, kwani lina mamba na viboko, na miti iliyozamishwa na bwawa ingali imesimama majini.

Sasa natazama upande wa hesabu, maana waalimu wetu wa fizikia hawakutufundisha mwendo wa kitu kiangukacho ili tujibu mtihani tu. Mtu akianguka kutoka urefu wa mita 3, hufika majini kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5, mwendo ni kilomita 36 kwa saa, na safari yote huchukua sekunde 1. Kutoka mita 10, mwendo hufika kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa magari ndani ya miji yetu. Kichwa cha mtu aliyechupa kutoka mita 10 hufika majini kama kwamba amekitoa dirishani mwa gari linalokwenda mjini. Maji yenye kina humpunguzia mwendo huo kidogo kidogo. Maji yasiyo na kina humwachia mwendo mwingi mpaka agonge chini.

Katika mashindano ya dunia ya kupiga mbizi, mahali penye jukwaa la mita 5 hutakiwa kina cha karibu mita 4, na penye jukwaa la mita 10 hutakiwa kina cha karibu mita 5. Hayo ni maji safi yanayoonekana mpaka chini, na warukaji wamefundishwa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2013, katika mashindano yaliyofanyika Barcelona, pameingizwa pia mchezo wa kuruka kutoka juu sana, mita 27 kwa wanaume na mita 20 kwa wanawake. Warukaji hao huingia majini kwa miguu, si kwa kichwa, na wazamiaji wa kuokoa huwa wamekwisha kuwa majini wakiwangoja. Watu hao ndio mashujaa wa mchezo huu duniani, na hakuna arukaye kabla maji hayajapimwa. Yeye aliye mwoga wa kupima hafanani nao hata kidogo.

Maji yetu yana shida nyingine tena, nayo ni rangi. Katika maji meupe jicho hukosea, kwa sababu nuru hupinda ikitoka majini, hata kina cha mita 4 huonekana kama mita 3. Lakini katika maji ya lambo jicho halikosei, maana halioni kabisa. Chini ya rangi ile ya chai ya maziwa pana visiki, mawe, vigingi vya uzio wa zamani, na matawi ya miiba ambayo wafugaji huweka ili kuwaongoza ng'ombe. Kina chaweza kutosha na kisiki kikawapo.

Sikuandika haya kwa kusoma vitabu tu. Katika kijiji kilicho jirani na chetu yuko kijana aliyenizidi umri miaka mitatu. Mwezi wa Aprili alichupa kwa kichwa kutoka ukingo wa lambo mara nyingi, na wadogo zake wakamshangilia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alirudi, akasimama mahali pale pale, akaruka vile vile. Maji yalikuwa yamebaki ya kiuno. Alivunjika shingo. Wenzake, kwa kumpenda na kwa haraka, walimvuta mikono wakamkalisha ukingoni, maana hakuna aliyewaambia kwamba aliyeumia shingo hakalishwi. Sasa mamaye humgeuza kitandani usiku na mchana ili asipate vidonda. Kijana huyo hakuwa mjinga wala mlevi, na kuogelea alijua kuliko sisi sote. Alichokosa ni kipande cha kamba chenye jiwe mwishoni.

Kwa hiyo naomba tujiwekee desturi. Si nyingi, nazo zote zaweza kufanywa na kijana asiye na fedha.

Ya kwanza, tuulize maji ni ya nani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema kwamba maji yote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Wenzangu wengine wakisikia "umma" hudhani maana yake ni kwamba kila mtu afanye atakavyo. Sivyo. Umma ni yule mama anayechota pale maji ya kupikia, na yule mzee mwenye ng'ombe arobaini wanaongoja zamu. Vijana kumi wakichupa na kuvuruga matope saa tisa alasiri, ndoo za saa kumi zote zitakuwa za matope. Basi tumwendee mwenyekiti wa kijiji au kamati ya maji, tuwaamkie, tuseme tunataka kuogelea, tuulize wapi na saa ngapi. Kama maji ni ya kunywa watu, tuyaache. Kama mahali pana ukuta wa bwawa, lango la maji au mfereji wa kutolea maji, tukae mbali, kwani maji yavutwayo na mfereji humvuta na mtu. Tena faida ya kuuliza si adabu tu. Wenyeji ndio wajuao kisiki kiliko, wajuao kama mamba ameonekana, wajuao kwamba mwezi uliopita ukingo ulibomoka. Kuuliza si ujinga.

Ya pili, tupime siku ile ile. Mabaharia wa pwani wana chombo chao cha kupimia kina, huitwa bildi: ni kamba yenye chubwi, yaani kipande cha risasi mwishoni. Sisi twaweza kutengeneza ya kwetu kwa kamba ya katani na jiwe, tukaipiga fundo kila baada ya mita 1. Isitupwe mahali pamoja tu, bali kila mahali ambapo mtu angeweza kuangukia, na hatua kadhaa kuzunguka hapo, maana arukaye haanguki sikuzote alipokusudia. Kisha mwenye kuogelea vizuri aingie taratibu kutoka upande wa chini, kwa miguu, apapase sakafu yote kwa nyayo na kwa fito. Kama hatukupima leo, leo haturuki. Na hata tukishapima, kwa kichwa tusiruke kabisa katika maji tusiyoyaona chini.

Ya tatu, tutazame njia ya kutoka kabla ya kutazama njia ya kuingia. Malambo mengi yamechimbwa kwa mashine, na kuta zake ni za udongo wa mfinyanzi. Zikilowana huwa kama sabuni. Mtu aweza kuruka vizuri, akaibuka vizuri, kisha akashindwa kupanda ukingo mpaka nguvu zikamwishia. Asiyeweza kuogelea mpaka mahali pa kutokea na kupanda mwenyewe, asiruke, hata akiwa mkubwa kuliko wote.

Ya nne, mtu asiende peke yake, na wote wasiingie majini pamoja. Mmoja abaki juu akiwa na kamba ndefu au dumu tupu lililofungwa vizuri, la kumtupia mwenzake. Asiyejua kuokoa asijitose kumfuata anayezama, kwani mara nyingi huzama wote wawili; atupe kamba, aite watu. Kama aliyeruka amegonga kichwa, au asema hasikii miguu, asivutwe mikono wala asikalishwe. Akiwa majini, ashikwe chali huku kichwa na shingo vikiwa sawasawa na mwili, uso ukiwa nje ya maji, na atolewe akiwa amelala juu ya ubao au mlango, asipindwe shingo. Nambari ya simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Lakini tukumbuke kwamba Hombolo ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini, na vijiji vyetu vingine ni mbali zaidi ya hapo. Msaada utakaokuja kwanza ni ule ulio ukingoni.

Ya tano si ya kuruka, lakini haifai kuisahau. Maji yaliyotulia yenye konokono huweza kuwa na kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono na kumwingia mtu kwa kupenya ngozi, hata asiponywa tone. Aliyeogelea kisha akaona damu katika mkojo asione haya; aende zahanati, dawa ipo.

Najua majibu ya wenzangu. Watasema kwamba mambo haya matano yataondoa raha yote, na kwamba mtu akishapima na kuuliza na kutazama ukingo, jua limekwisha kuchwa. Nimehesabu. Kupima lambo dogo kwa kamba kwachukua robo saa. Mpira wa miguu twacheza dakika 90, na kabla yake twachora mistari na kupiga filimbi, wala hakuna asemaye kwamba mistari imeondoa raha.

Wengine watasema kwamba wazazi na waalimu wakisoma haya watapiga marufuku mchezo wote. Hapa nawaomba wakubwa wetu wanisikilize kwa subira. Amri ya kukataza, nadhani, haitaondoa kuruka. Itaondoa wakubwa wanaotazama. Kijana aliyekatazwa na babaye huenda mbali zaidi, kwenye shimo lisilojulikana, saa ambayo watu wamekwenda shambani, na hambebi mdogo wake wa kupiga mbiu, kwa kuwa mdogo atasema nyumbani. Katazo la namna hiyo humpeleka mtoto mahali pa hatari zaidi akiwa peke yake. Afadhali baba aseme, "Twende wote kwanza, tukapime." Akikuta kina hakitoshi, katazo lake litakuwa na sababu, na mtoto ataliona kwa macho yake.

Kwa shule yetu nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba tufundishwe kuogelea. Sisi wa nchi kavu huambiwa kwamba kuogelea ni kazi ya watu wa pwani na wa ziwani. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Maji madogo huua kama makubwa. Kule Nungwi, Unguja, umekuwapo mradi uitwao Panje ambao umewafundisha watoto kuogelea, na wasichana pia, wakivaa nguo zinazowasitiri. Kama kisiwani, walikozungukwa na bahari, wameona kwamba kuogelea hufundishwa wala hakuji kwenyewe, sisi je? Madimbwi salama ya kujifunzia ni machache hapa kwetu, nakubali. Hata hivyo somo la kupima, la kutupa kamba na la kumtoa aliyeumia shingo laweza kufundishwa uwanjani bila tone la maji.

La pili ni kwamba siku moja ya mwaka tuitenge kwa somo hilo. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba Julai 25 iwe Siku ya Kuzuia Kuzama Majini Duniani. Tarehe hiyo hutukuta tumekwisha kurudi shuleni. Viranja wa michezo, pamoja na waalimu wa fizikia na wa biolojia, waweza kuifanya siku ya kutengeneza bildi, na kila mwanafunzi akaenda nayo nyumbani likizo ya Desemba, malambo yanapoanza kujaa maji mapya ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

Lakini Julai bado, na wiki chache zijazo tutakuwa nyumbani. Mvua zimekwisha. Maji bado yapo, tena yanameta jioni na kuvutia, na kila siku yanashuka. Wakati wa mvua kubwa watu huyaogopa maji. Wakati wa ukame hakuna maji ya kurukia. Ni katikati hapa, Juni na Julai na Agosti, ambapo mahali panafanana na palivyokuwa lakini sipo tena. Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Mimi naongeza kwamba hata yale uliyoyafika mwezi wa Aprili, mwezi wa Juni hujui wingi wake mpaka uyafike tena kwa kamba.

Mimi mwenyewe nitakwenda nyumbani na kamba ya mita 10, yenye mafundo kumi na jiwe. Mwenzangu atakaye kuona jinsi ilivyofungwa, aje bwenini baada ya chakula cha jioni, nitamwonyesha. Na kama yuko aliye na maoni mengine juu ya jambo hili, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, na ayaandike katika gazeti letu la muhula ujao, tuyasome.